Mashine ya kufulia ya mkono

Mashine ya kufulia ya mkono ni chombo cha kufulia nguo kinachoendeshwa kwa nguvu za mtu, bila umeme wala injini. Kwa kawaida ina pipa la kuwekea maji, sabuni na nguo, pamoja na mpini unaozungushwa, kusukumwa au kuvutwa ili nguo zigongane na maji yapite katikati ya nyuzi za kitambaa. Mashine za namna hii zilianza kuchorwa na kutengenezwa Ulaya katika karne ya 18, zikaenea sana Marekani katika karne ya 19, kisha zikapungua baada ya mashine za umeme kuingia sokoni mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo hazijatoweka, na katika miaka ya karibuni zimebuniwa upya kwa ajili ya kambi za wakimbizi na vijiji visivyo na umeme wa uhakika.

Ubora wa mashine hii hupimwa kwa usafi wa nguo na kwa kiasi cha uchovu kinachopungua. Katika vijiji vilivyo kando ya mito yenye mamba, kama Mloka katika Bonde la Rufiji nchini Tanzania, kuna kipimo cha tatu, nacho ni kama mashine inamwezesha mfuaji kufanya kazi yake mbali na ukingo wa mto.

Kufua kama kazi ya mikono

Kitenzi "kufua" katika Kiswahili kina maana pana kuliko kusafisha nguo. Ndani yake mna wazo la kupiga na kukita: mfua chuma ni mhunzi, na kufua nazi ni kuitoa makumbi kwa kuikita kwenye kifuo. Jina la kazi hiyo linaonyesha jinsi nguo zilivyosafishwa tangu zamani, yaani kwa kupigwa juu ya jiwe au kusuguliwa kwa mikono.

Kazi nzima ina hatua tano: kuloweka, kufua kwenyewe, kusuuza, kukamua na kuanika. Kabla ya hizo kuna kuteka maji, na mara nyingine kuyachemsha. Mashine nyingi za mkono hufanya hatua ya pili tu, na baadhi husaidia katika ya tatu na ya nne. Jambo hili ni la msingi katika kuelewa faida na upungufu wake.

Uchafu hutoka kwa mambo manne yanayosaidiana: sabuni, joto, muda na mwendo. Chembe ya sabuni ina upande mmoja unaoshikamana na mafuta na upande mwingine unaoshikamana na maji, hivyo huzunguka mafuta yaliyonasa uchafu na kuyaacha yaelee. Joto hulainisha mafuta hayo. Muda wa kuloweka huipa sabuni nafasi ya kupenya. Mwendo ndio unaosukuma maji machafu nje ya kitambaa na kuingiza mengine. Mashine huchukua sehemu ya mwendo. Mtu asiye na maji ya moto anaweza kufidia kwa kuloweka nguo muda mrefu zaidi kabla ya kuanza kuzungusha.

Historia ya muundo

Zana za awali

Kabla ya mashine, watu wa nchi nyingi walifua kwa mawe, kwa marungu bapa ya mbao na kwa kukanyaga nguo kwa miguu. Huko Ulaya ilitumika pia zana iliyofanana na kigoda chenye miguu mifupi kilichofungwa kwenye mti mrefu. Mfuaji alisimama kando ya pipa, akashika mpini wa juu, akaugeuza kushoto na kulia ili miguu ile iburute nguo ndani ya maji. Zana hiyo ndogo ndiyo mama wa mashine nyingi zilizofuata, kwa kuwa wabunifu waliiweka ndani ya pipa lenye kifuniko na kuifunga mahali pake.

Zana nyingine ni ubao wa kufulia wenye mifereji. Ubao uliofunikwa kwa bati la mifereji ulipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1833. Haukuwa mashine, lakini wabunifu kadhaa waliiga mifereji yake ndani ya mapipa yao.

Karne ya 18

Mwaka 1752 jarida la The Gentleman's Magazine la London lilichapisha mchoro wa mashine ya kufulia. Mwaka 1767 Jacob Christian Schäffer (1718-1790), mchungaji na mtaalamu wa elimu ya viumbe wa mji wa Regensburg nchini Ujerumani, alitoa kitabu kidogo kuhusu mashine yake. Schäffer anajulikana zaidi kwa vitabu vyake kuhusu uyoga na wadudu, na kwa majaribio yake ya kutengeneza karatasi kutokana na mimea mbalimbali. Mashine yake ilikuwa pipa la mbao lenye kifuniko. Mti wa wima ulipita katikati ya kifuniko, ukiwa na mpini juu na vigingi chini. Kifuniko kilizuia maji yasirukie nje na kuhifadhi joto, na mfuaji hakuhitaji kutumbukiza mikono katika maji ya moto yenye sabuni kali.

Mwaka 1782 Henry Sidgier alipata hataza nchini Uingereza kwa muundo tofauti. Badala ya vigingi kugeuka ndani ya pipa lililosimama, nguo ziliwekwa ndani ya tundu lililoundwa kwa fito za mbao, na tundu hilo likazungushwa kwa mpini ndani ya maji. Wazo la pipa linalozunguka, ambalo hutumika hadi leo katika mashine za umeme zenye mlango wa mbele, linaonekana tayari katika muundo huo.

Nchini Marekani, Nathaniel Briggs alipewa hataza ya kufulia nguo mwaka 1797. Muundo wake haujulikani, kwa sababu kumbukumbu za ofisi ya hataza ziliteketea kwa moto mwaka 1836.

Karne ya 19

Katika karne ya 19 Marekani ilitoa hataza nyingi za mashine za kufulia. James King alipata ya kwake mwaka 1851 kwa mashine yenye pipa linalozunguka, na Hamilton Smith alifuata mwaka 1858. Mwaka 1874 William Blackstone, mkazi wa Bluffton katika jimbo la Indiana, alitengeneza mashine ya mbao ambayo, kama inavyosimuliwa, ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mke wake. Ndani ya pipa mlikuwa na vigingi, na mpini uliunganishwa navyo kwa gia. Majirani waliiona, wakataka za kwao, na Blackstone akaanza kuziuza.

Kiwanda cha Maytag cha Newton, Iowa, kilichokuwa kikitengeneza zana za kilimo, kilianza kuuza mashine ya kufulia ya mkono mwaka 1907. Wakulima walikuwa wateja wake muhimu, kwa kuwa mashamba mengi hayakuwa na umeme.

Kikamulio

Nguo za pamba zilizolowa hubeba maji mengi kuliko uzito wake zikiwa kavu, na kuzikamua kwa mikono huumiza viganja na mabega. Kikamulio hufanya kazi hiyo kwa rola mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine. Nguo hupitishwa katikati, rola huzungushwa kwa mpini, na maji hurudi ndani ya pipa. Skrubu ya juu huongeza au kupunguza mkazo. Rola za mwanzo zilikuwa za mbao. Baadaye zilifunikwa kwa mpira ili zisivunje vifungo. Mwaka 1843 John Turnbull wa Saint John, katika nchi ambayo leo ni Kanada, alipata hataza ya mashine ya kufulia iliyounganishwa na rola za kukamulia.

Historia ya kikamulio inataja pia jina la Ellen Eglin, mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Afrika aliyeishi Washington, D.C. Mwaka 1888 aliuza haki ya kikamulio alichokibuni kwa dola 18. Alieleza kwamba aliogopa wanunuzi wa kizungu wasingekubali chombo hicho kama wangejua kuwa mvumbuzi wake ni mwanamke mweusi. Faida ya kibiashara ilikwenda kwa wengine.

Kuingia kwa umeme

Mwanzoni mwa karne ya 20 mota ya umeme ilifungwa kwenye mapipa yaliyokuwa yakizungushwa kwa mkono. Alva Fisher, aliyefanya kazi na kampuni ya Hurley ya Chicago, alipata hataza mwaka 1910 na mara nyingi hutajwa kuwa mvumbuzi wa mashine ya umeme, ingawa wengine walikuwa wameshaanza kabla yake. Mashine hizo za kwanza zilikuwa na pipa na kikamulio kama zile za mkono. Kilichobadilika kwanza ni chanzo cha nguvu tu.

Muundo na utendaji

Mashine ya kawaida ya mkono ina sehemu zifuatazo:

- Pipa: hapo zamani la mbao lililobanwa kwa pete za chuma, leo la plastiki au la chuma kisichopata kutu. Mbao huhifadhi joto vizuri, lakini zikikauka hupasuka na kuvuja.
- Kifuniko: huzuia maji yasimwagike na hushikilia mhimili.
- Vigingi au mapezi: hushika nguo na kuziburuta ndani ya maji. Ncha zake lazima ziwe laini, vinginevyo huchana kitambaa.
- Mpini wa kuzungushia: kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo nguvu inayohitajika inavyopungua, lakini mkono husafiri mwendo mrefu zaidi.
- Gia: pale mpini unapolala na mhimili ukasimama, magurudumu mawili yenye meno hukutana kwa pembe na kugeuza mwelekeo wa mzunguko.
- Kizibo cha chini: hutoa maji machafu bila kulazimika kuinua pipa zima.

Mwendo wenyewe hupatikana kwa njia kuu nne. Ya kwanza ni vigingi vinavyogeuka huku na huko. Ya pili ni pipa linalozunguka. Ya tatu ni pipa linalobembea kama susu, ambapo maji na nguo hukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ya nne ni rahisi kuliko zote: chombo chenye umbo la faneli kilichofungwa kwenye mti, kinachosukumwa chini na kuvutwa juu ndani ya ndoo ili kunyonya maji kupitia nguo.

Mwelekeo wa mzunguko ni jambo muhimu. Vigingi vikizunguka upande mmoja tu, nguo hujisokota kama kamba na maji hayapiti tena katikati yake. Kwa hiyo mtumiaji hugeuza mpini nusu mzunguko kwenda na nusu kurudi, au mashine huwekewa gia inayofanya hivyo yenyewe.

Katika pipa linalozunguka, kasi ina kikomo. Nguo zinatakiwa kupanda na ukuta wa pipa, kisha zianguke majini. Anguko hilo ndilo linalochukua nafasi ya kupiga kwenye jiwe. Pipa likizungushwa haraka mno, nguo hubanwa ukutani na haziangukii tena. Kwa pipa la kipenyo cha sentimita 50 lililolazwa, kikomo hicho ni takriban mizunguko 60 kwa dakika. Mizunguko 40 hadi 50 inatosha. Anayezungusha kwa pupa huchoka zaidi na nguo zake husafika kidogo.

Nguvu ya mtu nayo ina mpaka. Mtu mzima mwenye afya akitumia miguu, kama anavyoendesha baiskeli, anaweza kutoa takriban wati 75 kwa muda mrefu. Mikono hutoa chini ya hapo. Ndiyo sababu wabunifu wa karibuni wengi wamependelea pedali.

Kiasi cha maji

Mashine haipunguzi haja ya kusuuza. Pipa linalochukua lita 20 litahitaji lita 60 kwa mzunguko mmoja wa kufua na miwili ya kusuuza. Hizo ni ndoo 3 za lita 20, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ni kilo 60 za kubeba. Maji ya suuza ya mwisho yanaweza kutunzwa na kutumika kufulia nguo za mkupuo unaofuata. Utaratibu mwingine unaookoa maji ni kuanza na nguo nyeupe na zisizo chafu sana, kisha kutumia maji yaleyale kwa nguo za shamba.

Hapa ndipo mashine inaposhindwa katika kaya nyingi. Mtu anayefua mtoni habebi maji: hupeleka nguo kwenye maji. Akiambiwa afue nyumbani kwa mashine, anaondolewa kazi ya kusugua lakini anaongezewa kazi ya kuteka. Mashine isiyoambatana na chanzo cha maji kilicho karibu huishia kuwa chombo cha kuhifadhia nafaka.

Mloka na Bonde la Rufiji

Mloka ni kijiji cha kata ya Mwaseni, Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani. Kipo kando ya mto Rufiji, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Juu zaidi kwenye mto huohuo kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, yaani jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Chini zaidi mto hupita Utete, kisha hugawanyika katika delta yenye mikoko, ambayo sehemu yake kubwa ipo Wilaya ya Kibiti.

Mto huu una viboko na mamba wa Naili. Katika bonde hilo watu wameshambuliwa na mamba wakati wa kuchota maji, kufua, kuoga na kuvua. Tabia ya mamba inaeleza kwa nini kufua ni hatari hasa. Mamba huwinda kwa kuvizia, akiwa amezama kwenye maji ya kina kifupi, na hupenda mahali ambapo mawindo huja mara kwa mara. Mchota maji hukaa ukingoni kwa dakika chache. Mfuaji hukaa muda mrefu, mahali palepale, siku kwa siku, akiwa ameinama, macho kwenye nguo, huku kelele za kupiga na kusuuza zikifunika sauti nyingine. Watoto wadogo huandamana na mama zao na kucheza hapohapo.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Kichocho huletwa na minyoo ambao viluwiluwi vyao hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji, hasa yale yaliyotulia au yanayokwenda polepole. Viluwiluwi hivyo haviishi muda mrefu: maji yaliyotekwa na kuachwa ndani ya chombo safi kisicho na konokono kwa siku mbili huwa hayana tena uwezo wa kuambukiza kichocho. Kwa mfuaji anayetumia pipa nyumbani, kuteka leo na kufua keshokutwa ni kinga yenye maana, ingawa hakuyafanyi maji hayo yafae kunywewa bila kuchemshwa.

Kutokana na hali hiyo, muundo wa mashine inayofaa Mloka unaanza na maji. Kuna njia kadhaa za kuyafikisha mbali na ukingo:

- Bomba au kisima cha kijiji, ambavyo kwa vijijini vipo chini ya RUWASA, wakala wa maji ulioanzishwa mwaka 2019.
- Maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 10 linaweza kutoa hadi lita 300, yaani maji ya kufulia mara tano kwa kipimo cha lita 60. Chanzo hiki hufaa wakati wa vuli na masika.
- Pampu ya kukanyaga kwa miguu, kama zile za MoneyMaker zinazouzwa kwa wakulima na shirika la KickStart, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 kwa jina la ApproTEC. Pampu ya aina hii hunyonya maji kutoka kina cha mita 7 hivi. Bomba ndilo linaloingia mtoni, na mtu hubaki juu ya ukingo, isipokuwa anapoliweka au kulisafisha.
- Uzio wa miti imara ndani ya maji, unaotumika katika baadhi ya mito ya Afrika kuwazuia mamba wasifike mahali pa kuchotea. Uzio hudai kukaguliwa kila baada ya mafuriko.

Kiangazi ndicho kipimo halisi. Mvua zikikatika na madimbwi kukauka, watu, mifugo na wanyamapori hukutana kwenye maji machache yaliyobaki. Mashine iliyotegemea mapipa ya mvua tu husimama wakati huo, na wafuaji hurudi mtoni katika miezi ambayo msongamano ukingoni ni mkubwa zaidi.

Maji ya delta

Katika vijiji vya delta, tatizo linabadilika. Maji ya bahari hupanda na kushuka katika mikono ya mto, na visima vingine hutoa maji yenye ladha ya chumvi. Sabuni ya mche katika maji hayo haitoi povu la kutosha, kwa kuwa madini ya kalisi na magnesi huungana nayo na kufanya utando mweupe unaoganda kwenye nguo na kwenye pipa. Sabuni ya unga huvumilia maji hayo vizuri zaidi. Chumvi huozesha pia gia na mhimili wa chuma cha kawaida. Mashine ya delta inahitaji pipa la plastiki, sehemu chache za chuma, na kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kazi.

Vyandarua

Nguo si kitu pekee kinachofuliwa. Katika ukanda wa Pwani wenye malaria, kaya nyingi zina vyandarua. Chandarua chenye dawa ya kudumu hutengenezwa kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha kustahimili kufuliwa mara 20, na kinatakiwa kufuliwa taratibu kwa sabuni ya kawaida, bila kupigwa kwenye jiwe, kisha kianikwe kivulini kwa sababu jua huharibu dawa. Vigingi vyenye ncha kali hukichana. Kwa hiyo chandarua kifuliwe katika beseni, au katika mashine ya kubembea isiyo na vigingi. Dawa iliyomo huua samaki. Maji yaliyofulia chandarua yamwagwe shimoni mbali na mto na visima, si ukingoni.

Mashine za mkono za siku hizi

Mwaka 2018 Navjot Sawhney, mhandisi wa Uingereza, alianzisha The Washing Machine Project. Wazo lilimjia alipokuwa akiishi kusini mwa India, ambako jirani yake aitwaye Divya alitumia saa nyingi kufua kwa mikono. Mashine aliyoibuni ilipewa jina la jirani huyo. Ina pipa linalozungushwa kwa mpini ndani ya sanduku lililofungwa. Miongoni mwa mahali ilikopelekwa mapema ni kambi ya Mamrashan nchini Iraki.

Nchini India pia, Remya Jose wa jimbo la Kerala alitengeneza akiwa mwanafunzi mashine inayoendeshwa kwa pedali, ili mtu akae na kukanyaga badala ya kuinama. Huko Peru wanafunzi wawili kutoka California walibuni GiraDora, ndoo yenye kikapu kinachozungushwa kwa kukanyaga, ambapo mtumiaji huketi juu ya chombo chenyewe. GiraDora hufua na kisha hukamua kwa kuzungusha kwa kasi.

Katika Afrika Mashariki, baiskeli ndiyo ghala la vipuri. Fundi wa kijiji anaweza kupata mnyororo, gia, beringi na pedali bila kuagiza kitu nje. Mjini Arusha, mbunifu Bernard Kiwia, aliyeanza kama fundi baiskeli, amejulikana kwa kutengeneza zana kutokana na vipuri hivyo na kwa kuwafundisha wengine kubuni. Mashine inayoweza kutengenezwa na fundi baiskeli ina nafasi kubwa zaidi ya kudumu kuliko ile inayosubiri kipuri kutoka ng'ambo, maana kinachokufa kwanza ni beringi, kizibo au jino la gia.

Nafasi katika jamii

Katika miji ya pwani, kufua kwa malipo kulikuwa kazi ya dobi, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka lugha za India. Dobi alikuwa mara nyingi mwanamume aliyefanya kazi hiyo kwa ujira. Nyumbani, kazi hiyohiyo isiyo na ujira iliachwa kwa wanawake na wasichana, na hali hiyo inaendelea katika kaya nyingi.

Hans Rosling, daktari na mtakwimu wa Uswidi aliyewahi kufanya kazi Msumbiji, alitoa hotuba mwaka 2010 akieleza kwamba mashine ya kufulia ni miongoni mwa vyombo vilivyobadilisha maisha zaidi, kwa kuwa ilimpa mama yake muda wa kumsomea vitabu. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan wa Marekani alitoa hoja yenye tahadhari katika kitabu chake cha mwaka 1983: vyombo vya nyumbani vilipunguza uzito wa kazi lakini si lazima saa zake, kwani watu walianza kubadilisha nguo mara nyingi zaidi, na wasaidizi wa zamani, wakiwemo waume, watoto na madobi, wakaondoka.

Hoja zote mbili zinagusa kijiji kama Mloka. Saa zinazookolewa humnufaisha msichana wa shule ikiwa tu hazijazwi na safari nyingine za maji. Mpini unaozungushwa uani humpa kaka na baba nafasi ya kushiriki kazi ambayo ukingoni mwa mto ilihesabiwa kuwa ya wanawake. Pipa likikaa uani na maji yakafika hapo, mtoto anayemfuata mama yake hucheza kwenye mchanga wa uani, si kwenye ule wa mtoni.